Mysuru, Jumapili, Saa Moja Usiku

Ukisema India hapa mtaani, swali ni moja tu. Nani mgonjwa?

Mathe atashika kifua. Mzae ataanza kupanga kamati ya harambee. Shosh ataitisha jina ya hospitali, juu kuna mama wa kanisa alienda huko akarudi na goti mpya. Kwa hao, India iko na milango mbili pekee: theatre ya upasuaji ama Zee World. Ukipanda ndege bila faili ya daktari, wanaona umepotea njia.

Wacha wakae na hiyo. Wewe songa hapa tubonge kama watu wazima.

Kuna India ya kwenda ukiwa fiti, luku imekubali, pawabenki imejaa. Shuka kusini, jimbo ya Karnataka, tao inaitwa Mysuru. Atlasi ya mzae bado inaandika Mysore, na haishangazi, juu jina ilibadilishwa rasmi 2014 na hiyo atlasi iko na Zaire ndani. Katikati ya tao kuna keja ya wafalme, Amba Vilas, dunia yote inaijua kama Mysore Palace. Kila Jumapili, saa moja usiku, swichi inapigwa na bulbu karibu 100,000 zinawaka mara moja. Ukuta, dome, mageti, hadi mahekalu ya ndani ya compound. Kila nguzo imechorwa mstari wa taa. Giza ya nyuma inabaki kazi yake ni kushikilia picha tu.

Sio kila siku, buda. Ni Jumapili, sikukuu za serikali, na usiku zote za Dasara. Taa hazimalizi hata lisaa, zinazimwa, watu wanaenda home. Siku zingine kuna show ya sauti na taa ya kulipia, fine, lakini dozi kamili ni Jumapili. So hii trip inapangwa kurudi nyuma. Unaanza na hiyo saa moja usiku, alafu unatafuta ndege, treni, chumba na nguo za kukufikisha hapo. Msee wa travel akikuuzia package ya kuingia Mysuru Jumanne na kutoka Alhamisi, amekuuzia giza.

Najua unawaza Taj Mahal. Kila mtu anawaza Taj Mahal. Kila influencer ako na ile picha ya bench, yenye Diana alikalia 1992, miguu pamoja, uso ya huzuni ya kulipiwa. Taj ni kali, hakuna mtu anapinga. Lakini foleni iko hapo, mgeni analipa rupia 1,100, na ukitaka kuingia penye kaburi lenyewe unaongeza 200. Umetoka Umoja, umevuka bahari, ndio upige pose kwa matanga ya mtu. Mysuru ni keja. Hapa watu walikula, wakaoa, wakapigania kiti, na familia yenyewe bado iko na upande wao wa kuishi. Kuna maisha.

Story ya hiyo keja ilianza na harusi kuharibika. 1897. Hapo kulikuwa na jumba ingine, kubwa, ya mbao, na mtoi wa kike wa familia, Jayalakshammanni, alikuwa anaolewa. Moto ikashika. Jumba ikaisha. Sasa cheki vile form ilikuwa mbaya. Mfalme, Chamaraja Wodeyar wa kumi, alikuwa amekufa 1894. Kijana wake Krishnaraja wa nne bado ni mtoi wa shule. Mwenye ameshikilia kiti ni mathe yao, Kempananjammanni Devi. Juzi amezika bwana, leo keja imekuwa majivu, na ako na nchi ya kuendesha.

Wazae wengi wenye nawajua wangeitisha kikao. Wakunywe chai. Waunde kamati ya kuunda kamati. Huyu mama alitafuta arkitekti. Akashika Henry Irwin, Mwingereza mwenye alikuwa ashajengea viceroy jumba ya maana huko Shimla, akamwambia anza. Mwaka hiyo hiyo. Familia ikahamia Jaganmohan, jumba ingine hapo karibu, na kazi ikaenda hadi 1912. Bill ikasoma rupia 4,147,913. Huyo ndio mzazi pekee kwa hii story naeza msalimia na mikono mbili.

Na Irwin hakuleta mbao. Alipanga ghorofa tatu za granite ya kijivu. Dome za marumaru ya pinki. Mnara wa futi 145, na juu yake dome imepakwa dhahabu. Nguzo za chuma zilitengenezwa Glasgow, Scotland, zikaletwa na meli. Alafu akachanganya. Arch za Kiislamu, vibaraza za Rajput, miungu ya Kihindu, Gothic ya Ulaya, yote kwa nyumba moja. Wasomi wanaiita Indo-Saracenic. Mimi naona Sheng, lakini ya mawe. Umetoa hapa, umetoa pale, umepika ikakuwa yako, na sasa unatembea nayo kifua mbele. Yule mwalimu wa Kiswahili alikutoa nje ya class juu umesema "niaje" angeingia hapo akose pa kuanzia kusahihisha.

Hizo bulbu pia ziko na historia. Huu ufalme ulishika stima mapema kushinda majirani wake. 1902 walikuwa washafunga mitambo kwa maporomoko ya Shivanasamudra, mto Kaveri, wakavuta waya hadi migodi ya dhahabu ya Kolar. 1905 taa za barabara zikawaka Bengaluru. Mwaka hiyo Nairobi ilikuwa na miaka sita tangu reli ifike, watu bado wanatoana kwa matope. So ukiona keja imewashwa kutoka msingi hadi kwa ncha, hiyo ni flex ya watu walikuwa na stima yao kabla ya wengi kujua swichi ni nini. Usifikirie token. Nakujua, utafikiria token.

Sasa doo, juu bila doo hii ni ndoto.

Kuingia ndani, mgeni analipa rupia 1,000. Hiyo ni kama thao na soo tano za hapa. Hadi 2024 ilikuwa rupia 100, wakapandisha mara kumi kwa mpigo. Mwenye nchi analipa mia na kitu. Ushaanza kukunja uso? Kunjua. Mzungu akikuja Mara kuanzia Julai hadi Disemba analipa dola 200 kwa siku, na wewe ukionyesha kitambulisho unalipa bei ya nyumbani ukitabasamu. Huo mchezo tunaujua. Leo uko upande ule mwingine wa dirisha. Toa pesa, chukua tiketi, ingia na adabu. Na zile taa za Jumapili unaeza ziona hata ukisimama barabarani nje ya fensi. Kitu kali kushinda zote kwa hii safari haina bei. Weka hiyo kwa kichwa kila mtu akianza kukuitisha pesa.

Na watakuitisha. Dere wa tuk-tuk ataapa palace imefungwa leo, ati ni siku ya maombi, lakini ako na duka ya silk ya "serikali" kwa njia. Palace hufunguliwa saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja na nusu jioni. Mwambie "twende tu." Ukifika duka ya silk umeisha, utarudi Umoja na sari huna mtu wa kumvalisha. Silk ya Mysuru ya ukweli ipo, kiwanda cha serikali kilianza 1912, nyuzi za dhahabu ndani, na bei yake itakufanya ukae chini. Hiyo ni ya mtu ameomoka. Kama bado, angalia na macho, mikono mfukoni.

Penye watu hutupa pesa bure zaidi ni njia. Ukitoka airport ya Bengaluru, kutakuwa na msee wa teksi anangoja sura mpya. Airport iko kaskazini ya Bengaluru, Mysuru iko kusini-magharibi, na hiyo katikati yote utailipia. Kuna basi ya KSRTC, Flybus, inatoka airport moja kwa moja hadi Mysuru, ina AC, ina kiti inalala nyuma. Ama ingia Bengaluru, dunda wikendi kidogo, alafu shika treni asubuhi. Ni karibu kilomita 140. Treni za India ni raha, usiogope zile video za watu wamekaa juu ya paa. Chai inapita, vitafunio vinapita, mtu atakuuliza umetoka nchi gani na umesoma nini na mbona hujaoa. Wazae ni wale wale dunia nzima.

Ukifika, usiingie palace Jumapili mchana. Hapo ndio wengi huchoma. Jumapili mchana kila familia ya Karnataka iko hapo na bibi na wajukuu na mkebe ya chakula. Ingia ndani Jumamosi, saa nne kamili geti ikifunguliwa, geti ya kusini inaitwa Varaha. Jumapili lala, kula, oga, piga luku, tokea jioni.

Luku sasa. Skiza vizuri, juu hapa ndio aibu hukaa. Viatu hutolewa mlangoni. Zote. Zile Jordan uliomba likizo ya rent ndio ununue zitabaki kwa shelf pale nje na sandals za watu, na utatembea ndani na soksi ama miguu kavu. Kwa hiyo luku yako inaishia kwa ankle. Nunua soksi mpya. Sio zile za kidole gumba kuchungulia kama mpangaji anadaiwa. Ama enda na slides, uwe huru, utoe na uvae bila drama. Magoti na mabega funika, juu ndani ya compound kuna mahekalu watu wanaabudu kweli, sio sets za video. Na hiyo kilemba ya maharaja ya plastiki wanauza hapo nje, buda, ukiivaa mimi na wewe hatujuani.

Ndani, usikimbie. Watu huingia, shingo juu, simu juu, wametoka. Kwanza utapita Gombe Thotti, mahali pa wanasesere, ya kupita tu na heshima. Hapo kuna kitu utasimama upende usipende: howdah ya dhahabu. Hiyo ni kiti ya kuwekwa mgongo ya ndovu, uzito wake kilo 750 hivi, mbao imefunikwa dhahabu karibu kilo 80. Piga hesabu ya bei ya dhahabu leo alafu uje uniambie kuhusu cheni yako.

Alafu Kalyana Mantapa. Ukumbi wa harusi, pembe nane, nguzo nyembamba za chuma zimepanda juu hadi shingo inauma, na dari yake ni vioo vya rangi, tausi kila mahali. Kumbuka ile jumba ya kwanza iliungua wakati wa harusi. Yule mama, Kempananjammanni, akajenga ukumbi wa harusi ndani ya ile mpya, wa chuma na kioo. Hakuogopa harusi. Hapo ndio nilimpendea. Simama chini ya hiyo dari saa za asubuhi, jua ikipita kwa vioo, rangi inamwagika kwa sakafu na kwa soksi zako mpya.

Kwa ukuta wa hapo kuna michoro ya maandamano ya Dasara, na hizo sura sio za kubuni, zilichorwa kufuata picha halisi za watu halisi. Askari, wapiga tarumbeta, watoto kwa baraza, ndovu. Tafuta uso mmoja umkazie macho. Kuna wasee hapo wako na attitude ya kusimama kona ya mtaa.

Juu kuna Durbar, ukumbi wa wazi wenye mfalme alikuwa anatokea mbele ya watu, safu ya nguzo na rangi hadi macho inachoka. Na ukumbi wa Amba Vilas, wenye jina moja na keja, chumba ya private, milango za fedha, milango za mbao zimewekwa pembe za ndovu. Chukua time. Umelipa thao na soo tano.

Gossip ya hii familia ni tamu kushinda series yoyote ya shosh. Wodeyar wanasema walianza 1399. Katikati hapo karne ya 18 Hyder Ali na kijana wake Tipu Sultan wakashika usukani, hadi Waingereza wakamuua Tipu Mei 1799 huko Srirangapatna, karibu na Mysuru, na kiti ikarudishiwa Wodeyar mtoto wa karibu miaka mitano. Lakini story yenyewe ni ya laana. Hekaya inasema karibu 1610, Raja Wodeyar alipochukua Srirangapatna, alituma watu wakanyang'anye vito vya mama anaitwa Alamelamma. Mama akakimbia, akafika mto Kaveri, akajirusha na vito zake. Kabla azame akaacha maneno: mji wa Talakad ugeuke mchanga, kijiji cha Malangi kiwe maji ya kuzunguka, na wafalme wa Mysuru wakose watoto.

Enda Talakad leo. Mahekalu yamezikwa kwa mchanga, yanachimbuliwa. Na hiyo familia, mara kwa mara, imekuwa ikirithisha mpwa ama mtoto wa kulea. Wa mwisho aliaga 2013 bila mtoto, mjane wake akamchukua Yaduveer 2015. Yaduveer akaoa 2016, akapata kijana 2017, na magazeti yote ya India yakauliza kama laana imeisha. 2024 jamaa akasimama ubunge wa Mysuru, akapita. Mfalme alikuwa anatokea kwa kibaraza, sasa anaomba kura na kushikana mikono na watu. Mimi napenda hiyo. Inaonyesha keja bado inapumua.

Sasa kama uko na roho ya ukweli na doo kidogo, enda Dasara. Septemba ama Oktoba, kalenda ya mwezi ndio huamua. Siku kumi, taa kila usiku, na siku ya mwisho, Vijayadashami, ndovu anabebeshwa ile howdah ya dhahabu na sanamu ya mungu wao Chamundeshwari ndani, anatembea kutoka palace hadi mahali panaitwa Bannimantap. Kuanzia 2020 kazi ya kubeba ilipewa Abhimanyu. Huyo ndovu ako na mashabiki kushinda msanii yeyote wa gengetone. Wiki kadhaa kabla, yeye na wenzake wanatoka kambi za msituni wanaingia Mysuru, wanapimwa uzito, wanalishwa, wanafanyishwa tizi na magunia ya mchanga mgongoni, wanazoeshwa mlio wa mizinga ndio wasishtuke siku yenyewe. Gym yako ya Januari hadi tarehe kumi inaeza jifunza kitu.

Siku hiyo hiyo, ndani ya uwanja wa palace, kuna mieleka ya zamani, vajramushti. Wasee wamenyoa kichwa, wameshika silaha ya kupiga kwa kiganja. Damu ya kwanza ikitoka, pambano imeisha. Inachukua dakika chache na hakuna marudio.

Dasara inauma mfuko lakini. Hoteli zinapandisha bei mapema, na kuna kitu inaitwa Gold Card ya kukuweka viti vya karibu, bei yake ni maelfu ya rupia na inaisha haraka. Kama umesota, wachana na Dasara. Enda Novemba hadi Februari, hewa ni tamu, mvua imeenda, bei imeshuka. Machi hadi Mei jua inakupiga kofi kila kona.

Kuna kitu lazima niseme kuhusu yoga. Ile yenye dem wa Kilimani analipia class moja bei ya shopping ya wiki, ile ya kujipinda kwa mkeka ya rangi ya parachichi. Sehemu kubwa ya hiyo mambo ilipita hapa. Miaka ya 1930 Krishnaraja wa nne alimlipa mwalimu, Krishnamacharya, afundishe ndani ya jumba ya Jaganmohan. Wanafunzi wake walikuwa B.K.S. Iyengar na Pattabhi Jois, na hao ni kati ya wenye walipeleka yoga dunia. Jois alibaki Mysuru akafundisha Ashtanga, na hadi leo watu wanatoka Ulaya na Marekani na mikeka yao kuja kulala hapo miezi. Mathe atakuambia yoga inaita mapepo. Mathe pia aliambia kila mtu simu ya camera inanyonya akili. Enda, jinyooshe.

Dishi. Asubuhi ni dosa, ile ya Mysuru yenye wamepaka chatne nyekundu ndani kabla ya viazi, inakuja na moto wake. Idli, vada, na filter coffee kwa kikombe ya chuma, maziwa imepiga povu. Unakula na mkono, wa kulia tu, na hapo Mkenya ako nyumbani. Wale wa nyama mtasumbuka kidogo, juu sehemu nyingi zimeandikwa "Veg" na wanamaanisha. Usiulize "hamna hata kuku?" kwa sauti. Hiyo ndio aibu namba mbili baada ya soksi. Biryani ya mbuzi iko, tafuta mahali pameandikwa "Non-Veg", kula, nyamaza.

Alafu Mysore pak. Unga ya dengu, sukari, samli. Samli mingi. Samli hadi vidole vinang'aa. Inasemekana ilipikwa mara ya kwanza jikoni ya hii palace, mpishi anaitwa Kakasura Madappa, na watu wa ukoo wake bado wanauza hapo karibu na soko ya Devaraja. Kula ikiwa ya moto. Ukibeba ya nyumbani nunua asubuhi ya kuondoka ukienda stesheni, sio siku ya kwanza. Mathe mletee sabuni ya Mysore Sandal. Kiwanda ilianzishwa 1916, juu vita ya kwanza ya dunia ilifunga njia na msandali ukajaa bila mnunuzi Ulaya, so ufalme ukaamua kukamua mafuta na kuchemsha sabuni yake. Bei ya chini, harufu ya mdosi. Hapo mathe atanyamaza.

Kitu kimoja bila mchezo. Watu watakuangalia. Wengine wataomba selfie, wengine watakutolea macho tu bila salamu. 2016 huko Bengaluru umati ulimshambulia mwanafunzi wa kike Mtanzania kwa kosa ya dereva mwingine Mwafrika mwenye hakuwa hata anamjua. Hiyo ilitokea na hatuifichi. Wakenya na Watanzania wengi wamesoma Bengaluru na Mysuru, wana grupu zao, wanajua mitaa gani ni poa usiku. Kama uko na cousin huko, mtafute kabla ya kutafuta hoteli. Tembea na squad, toka kwa vurugu mapema, na ukisalimia watu anza na "namaskara", hapo ni Kannada, Hindi ya filamu weka kando.

Makaratasi sasa, na hapa sibembelezi mtu. Visa ya India unaomba kwa mtandao, mapema, sio usiku wa kuamkia ndege. Ndege kuna direct ya Nairobi hadi Mumbai, masaa kama sita, alafu unaruka ya ndani hadi Bengaluru. Adapta ya soketi beba, pini zao ni za mviringo. Cash beba, huko kila muuza chai anaskaniwa QR ya benki za kwao na M-Pesa yako hapo ni kalkuleta tu. Na yellow fever. Kenya iko kwa list ya India, kwa hiyo bila kadi ya chanjo unaeza wekwa karantini hadi siku sita. Siku sita! Chanjo inaanza kuhesabika baada ya siku kumi, so ukidungwa Jumatatu ya wiki ya kusafiri umejidunga bure. Hiyo ndio njia ya haraka ya kuwapa wazae ushindi: umeenda India ukiwa mzima na ukalala wodi.

So form ni hii. Tunatua Bengaluru Alhamisi. Ijumaa tunazurura. Jumamosi mangware treni, saa nne tuko geti ya Varaha, viatu mkononi. Jumapili tunapanda tuk-tuk hadi juu ya kilima cha Chamundi, tunashuka kwa miguu zile ngazi 1,000 tukipitia ile sanamu kubwa ya fahali Nandi, tunalala mchana, saa kumi na mbili jioni tuko mbele ya fensi tumeshika nafasi. Mwenye ako in atume picha ya yellow card kwa grupu kabla ya Ijumaa ijayo. Picha ya kadi, sio emoji ya ndege. Wale wa "niko njiani" mnajulikana, na treni ya Mysuru haingojangi mtu.